Maji ya Rufiji na Wapelekao Habari Zake

Mto Rufiji ulipofurika mwezi wa Aprili 2024, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, wananchi wa bonde walikuwa na maswali mawili. Maji haya yatapanda mpaka wapi? Na yametoka wapi? Swali la kwanza ni la uhai wa mtu, watoto wake na mpunga wake. La pili ni la siasa, nalo, kwa jinsi tulivyoona, ndilo lililopendwa zaidi na waandishi wa mtandaoni, maana ni rahisi kulitia chumvi.

Asili ya swali hilo la pili yajulikana. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024, miezi miwili tu kabla ya mafuriko. Wengine walisema milango ya bwawa ndiyo iliyowazamisha watu. Serikali na Shirika la Umeme wakajibu kwamba mvua zilikuwa kubwa mno, na kwamba Rufiji hufurika tangu zamani. Neno hili la mwisho ni kweli. Mafuriko ya 1968 ndiyo yaliyotangulia kuhamishwa kwa watu wa bonde na kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa, na wazee wa huko wakijua vema kilimo cha mlau, kifanywacho maji yakishapungua. Walakini kusema kwamba mto ulifurika zamani si kumwambia mkulima wa Muhoro ni saa ngapi milango imefunguliwa safari hii.

Basi mwananchi mwenye simu mkononi apate wapi habari ya kuaminika, katika tovuti za magazeti au katika blogu? Tovuti ya gazeti ina mhariri, ina anwani, na ina jina ambalo yaogopa kulipoteza. Habari ya mwandishi hupita mikononi mwa mtu wa pili kabla ya kutolewa, naye huuliza: nani amesema, lini, nawe ulikuwapo? Upungufu wake ni umbali. Mara nyingi mwandishi wake hukaa mjini akingoja mkutano wa msemaji, na habari yake ya mafuriko hujaa vyeo vya wakubwa kuliko watu waliohama na magodoro vichwani.

Blogu ni ya mtu mmoja. Yeye ndiye mwandishi, mhariri na mchapaji. Huwahi kufika, na pengine huwa ni mwenyeji wa mahali. Tusiidharau kwa jina lake tu: Issa Michuzi, aliyeanzisha blogu yake mwaka 2005, alikuwa mpiga picha wa gazeti, akaja na desturi za chumba cha habari. Kadhalika ziko tovuti zijiitazo za habari ambazo hazina mhariri hata mmoja.

Ubaya unaotuchukiza zaidi ni kunakili. Taarifa moja ya ofisi huchukuliwa na blogu kumi neno kwa neno, makosa ya herufi na yote, na msomaji hudhani amesikia mashahidi kumi. Sheria ya kale ya Wayahudi, tuliyofundishwa shuleni na wamisionari, ilitaka mashahidi wawili au watatu. Haikumkubali mtu mmoja na mwangwi wake tisa. Tovuti nazo hazina usafi katika jambo hili. Na picha ya mtumbwi katikati ya minazi, isiyo na tarehe wala jina la kijiji, yaweza kuwa ya mwaka mwingine au ya mto mwingine kabisa.

Rufiji yaijua nguvu ya habari isiyo na mwenyewe. Habari ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilienea kwa mnong'ono wa mtu na mwenziwe, na Wajerumani walipomnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza. Mnong'ono ule uliwaunganisha watu wa makabila mengi. Ni huo huo uliowaambia kwamba risasi zitageuka maji.

Hata katika siku zetu, Kibiti imeonja gharama ya habari. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, wanachama wenzetu na askari waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee waliuawa polisi wanane. Aliyekuwa akiandika mambo hayo kutoka huko huko ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi. Alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, wala hakuonekana tena. Mtu akisema kwamba habari za mtandaoni ni za bure, na aikumbuke familia yake.

Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Zilitungwa upya mwaka 2020. Sisi twakubali kabisa kwamba mtangaza habari ajulikane ni nani. Lakini fedha nyingi namna ile hazimfundishi mtu kuuliza maswali. Zamnyamazisha tu kijana wa Nyamisati ambaye angeweza kutuambia maji yamefika wapi gatini.

Tungependa makatibu wa matawi na mabalozi wa bonde, kila masika, waandike kina cha maji, mahali, siku na saa, watie majina yao, na kuwapelekea wenye tovuti na wenye blogu sawasawa. Na Shirika la Umeme litangaze saa ya kufungua milango kabla ya kuifungua. Maji hayatoki bwawani na kufika Muhoro kwa dakika moja, na katika muda huo mama aweza kuwatoa watoto na gunia lake la mbegu.