Ukungu Katika Kioo cha Gari: Chanzo Chake na Namna ya Kuuondoa

Katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kama vile Njombe na Makete nchini Tanzania au Limuru nchini Kenya, dereva aondokaye alfajiri katika mwezi wa Julai hupata taabu moja iliyo ya kawaida. Abiria wakishaingia na madirisha yakafungwa, kioo cha mbele hufunikwa na ukungu kwa upande wa ndani. Dereva hufungua hita, lakini mara nyingine ukungu hubaki palepale au huzidi. Jambo hili si dogo. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 3 kupangusa kioo kwa kitambaa, gari limekwisha kwenda meta 50 bila yeye kuiona njia vema, na huenda njiani wamo watoto waendao shule.

Ukungu hutoka wapi?

Hewa daima huwa na mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Kadiri hewa inavyozidi joto, ndivyo inavyoweza kuchukua mvuke mwingi zaidi kabla ya kushiba. Katika nyuzi 10 za Sentigredi, meta moja ya ujazo ya hewa hushiba kwa gramu 9.4 za mvuke. Katika nyuzi 20, kwa gramu 17.3, na katika nyuzi 40, kwa gramu 51 hivi.

Tuseme hewa iliyomo garini ina nyuzi 20, na kila meta ya ujazo ina gramu 13 za mvuke. Hewa hiyo bado haijashiba. Lakini ile inayogusa kioo chenye nyuzi 10 hupoa, na ikipoa haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 9.4. Mvuke uliozidi hugeuka kuwa matone madogo sana juu ya kioo. Halijoto ambayo mvuke huanza kugeuka maji huitwa kiwango cha umande. Kioo kikiwa baridi kuliko kiwango hicho, ukungu hauna budi kutokea.

Mvuke wenyewe hutoka hasa kwa abiria. Mtu aliyetulia hutoa takriban gramu 30 za maji kwa saa kwa njia ya pumzi na ngozi. Watu wanne hutoa gramu 120. Gari dogo lina meta 3 hivi za ujazo wa hewa, ambayo katika nyuzi 20 hushiba kwa gramu 52 tu. Kwa hiyo, hata kama hewa hiyo ingekuwa kavu kabisa, watu hao wangeishibisha katika muda usiofika nusu saa iwapo hakuna hewa mpya iingiayo. Nguo zilizolowa mvua huharakisha mambo zaidi.

Kazi ya hita

Maji yanayopoza injini hupitishwa katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Feni husukuma hewa ya nje kupitia rejeta hiyo hadi kwenye kioo. Hapo hewa hufanya kazi mbili: hukipasha kioo joto kupita kiwango cha umande, na hufyonza matone. Hewa ya nje iliyoshiba katika nyuzi 10, ikipashwa joto hadi nyuzi 40, huwa na chini ya moja ya tano ya mvuke inaoweza kuchukua. Hivyo, hewa ya asubuhi yenye umande, ikishapashwa joto, hukausha vizuri sana.

Kuutafuta ubovu

Fundi mwema hafungui vyombo ovyo. Hujiuliza maswali kwa mpangilio.

Kwanza, je, hewa inatoka? Isipotoka kabisa, atazame fyuzi na mota ya feni. Ikitoka kwa unyonge, atazame kama chujio la hewa limejaa vumbi, au majani yameziba tundu la kuingizia hewa chini ya kioo.

Pili, je, hewa inafika kwenye kioo? Ikitoka miguuni ilhali imeelekezwa kiooni, kilango kinachoigawa kimekwama au waya wake umekatika.

Tatu, je, hewa ina joto? Injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, ni lazima kungoja. Ikibaki baridi baada ya mwendo mrefu, huenda maji ya injini yamepungua, au thamostati imekwama wazi na injini haipati joto lake. Mipira miwili ya hita nayo hutoa ushahidi: mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayapiti, rejeta ndogo imeziba au vali imefungwa. Angalia! Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani maji yenye shinikizo huruka na kuunguza.

Nne, ikiwa hewa ni ya moto na ukungu ungali upo, mvuke unatoka wapi? Kosa la kawaida ni kuacha swichi ya hewa mahali pa kuzungusha hewa ya ndani, ambapo pumzi za abiria hurudishwa kiooni tena na tena. Zulia lililolowa nalo hutoa mvuke. Harufu tamutamu pamoja na utando wa mafuta kiooni huonyesha kwamba rejeta ndogo inavuja. Kiyoyozi, kama kipo, husaidia: mabomba yake ya baridi huondoa maji katika hewa kabla haijapashwa joto.

Katika mwambao, kama Dar es Salaam au Mombasa, mambo huweza kugeuka. Kiyoyozi hupoza kioo, na ukungu hutokea upande wa nje. Hapo dawa ni waipa na kupunguza baridi.

Jaribio la darasani

Tia maji katika kopo la bati linalong'aa. Ongeza vipande vya barafu kidogo kidogo huku ukikoroga na kusoma kipimajoto. Andika halijoto ukungu unapoanza kuonekana nje ya kopo: hicho ni kiwango cha umande cha darasa lenu. Funga madirisha, wanafunzi wote wakae ndani kwa nusu saa, kisha rudia jaribio. Je, kiwango kimepanda au kimeshuka? Elezeni sababu.