Gurudumu Linalonyanyuka: Fizikia ya Gokati ya Mashindano

Gokati ya mashindano haina springi, haina shokapu, na haina difu. Magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo huzunguka kwa kasi ileile, kona iwe ya kulia au ya kushoto. Hata hivyo chombo hiki hukata kona kwa nguvu ya pembeni inayoweza kufikia mara mbili ya uzito wake, jambo ambalo gari la kawaida la barabarani halisogelei. Siri iko kwenye gurudumu la nyuma lililo upande wa ndani wa kona. Gurudumu hilo hunyanyuka. Likinyanyuka kwa wakati wake na kurudi chini kwa wakati wake, gokati inapinda vizuri. Likichelewa kunyanyuka, au likikawia hewani, dereva anaachwa nyuma. Karibu kila kitu ambacho fundi wa gokati hugeuza kwa spana kinahusu jambo hilo.

Gokati ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1956 huko California na Art Ingels, fundi wa kampuni ya magari ya mbio ya Kurtis Kraft. Aliiwekea injini ya West Bend iliyokusudiwa mashine ya kukata nyasi. Tangu hapo ujuzi wa kutengeneza fremu umehamia zaidi Italia ya kaskazini. Fremu za Tony Kart hutengenezwa Prevalle, karibu na Brescia, na mwendo mfupi kutoka hapo kuna uwanja wa Lonato, kusini mwa Ziwa Garda, ambako mashindano ya Winter Cup hukutanisha madereva majira ya baridi. Dereva Mbrazili Ayrton Senna naye alifuata gokati Italia, akaiendeshea timu ya DAP ya Milan, na akamaliza wa pili katika mashindano ya dunia ya 1979 na 1980. Hakuwahi kulipata taji hilo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Kanuni za kimataifa zinataka upana wa nyuma wa gokati ya watu wazima usizidi sentimita 140. Ukipima kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya lingine unapata kama mita 1.2. Sasa gokati inageuka nusu duara. Gurudumu la nje linatembea umbali mrefu kuliko la ndani, na tofauti yao ni upana huo ukizidishwa kwa 3.14, yaani karibu mita 3.8. Kona iwe kubwa au ndogo, tofauti haibadiliki. Lakini ekseli ni moja! Magurudumu yote mawili yakibaki yameikanyaga lami, lazima angalau moja liburuzwe. Gokati hugoma kupinda, pua inasukumwa kuelekea nje ya kona, injini inapoteza nguvu na mpira unalika bure.

Kinacholinyanyua gurudumu hilo ni usukani. Kingpini za mbele, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia usukani unapokatwa, zimelazwa nyuma kidogo, na gurudumu lenyewe limekaa pembeni ya mstari wa kingpini. Dereva akikata usukani, gurudumu la mbele la ndani hushuka na kuisukuma lami, na la nje hupanda. Pembe ya mbele ya ndani ya fremu inainuliwa, fremu inajipinda, na mzigo unahamia kwenye mshazari unaounganisha gurudumu la mbele la ndani na la nyuma la nje. La nyuma la ndani linabaki bila kazi. Huhitaji hata kuendesha ili kuliona hili: weka gokati juu ya mizani minne, dereva akiwa amekaa, kata usukani hadi mwisho, kisha soma namba. Ukizilaza kingpini zaidi, au ukiyasogeza magurudumu ya mbele nje zaidi, athari inaongezeka. Usukani nao unakuwa mzito, na mikono ya dereva italipia hilo katika mizunguko ya mwisho.

Hapo ndipo fremu inapogeuka kuwa springi. Ni mabomba ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu, kwa kawaida ya kipenyo cha milimita 30 au 32, yaliyochomelewa ili yaweze kujisokota na kurudi kama upinde. Ekseli ya nyuma, bomba la milimita 50 lililo wazi ndani, nayo hupinda, na watengenezaji huuza ekseli za ugumu tofauti. Mafundi wazuri kabisa hutofautiana juu ya ekseli ipi ifae lini, maana ugumu wake hufanya kazi pamoja na ule wa fremu, matairi na lami. Kiti pia si cha kukalia tu. Kikiwa kimefungwa kwa bolti kwenye fremu na kwenye vyuma vya nyuma, hushiriki kuikaza gokati nzima, na ufa mdogo kwenye faibaglasi yake unaweza kubadilisha tabia ya chombo. Fremu huchoka pia. Baada ya kujisokota mara nyingi mno haitendi tena kama ilivyokuwa mpya, hata kama jicho halioni kasoro.

Mzigo mzito kuliko yote ni dereva mwenyewe. Tuseme gokati na dereva vina kilo 160, dereva akiwa 70, na umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma ni sentimita 104. Kusogeza kiti nyuma sentimita 2 kunahamisha takriban kilo 1.3 kutoka mbele kwenda nyuma. Inaonekana ndogo, lakini dereva aliyezoea atailalamikia kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Urefu wa kiti una uzito zaidi, kwa maoni yangu, kuliko wengi wanavyoupa. Mzigo unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona huongezeka kadiri kitovu cha uzito kinavyopanda, na hupungua kadiri gokati inavyopanuliwa.

Mvua inathibitisha kanuni hiyo. Lami ikilowa, nguvu ya pembeni hupungua, mzigo hauhami vya kutosha, na lile gurudumu la ndani linabaki chini likiburuzwa. Kwa hiyo fundi hupandisha kiti, hulibana tako la gokati kwa kuingiza magurudumu ya nyuma ndani, huyatoa ya mbele nje na kuzilaza kingpini zaidi. Mtazamaji huona fujo ya spana, kumbe kila hatua inalisaidia gurudumu lilelile linyanyuke.

Lakini kushika barabara kunaweza kuzidi. Wikendi ya mashindano, gokati zinavyopita, mpira hugandana na lami na mshiko huongezeka saa hadi saa. Gokati iliyokuwa sawa asubuhi inaanza kunata mchana. Ishara mbaya zaidi ni mkia kudundadunda katikati ya kona: tairi la nje linashika kwa nguvu, linaachia, linashika tena. Dawa ni kupunguza mshiko, ama kwa kushusha kiti, kupanua nyuma pale kanuni zinaporuhusu, au kurudisha kingpini. Imani kwamba mshiko mwingi daima ni kasi nyingi si kweli, kwa sababu tairi linalonata huila nguvu ya injini. Na mpira una tabia inayopingana na fizikia ya darasani: ukilipa tairi mzigo mara mbili, halikupi mshiko mara mbili, linakupa pungufu ya hapo. Tairi moja la nje likibebeshwa kila kitu kwa muda mrefu, linachemka na kutereza.

Sasa upepo wa matairi, ambao ningependa kila anayeanza auelewe kabla hajagusa kitu kingine. Geji ikisoma 10 psi asubuhi, kumbuka kwamba haihesabu hewa inayotuzunguka, ambayo usawa wa bahari ni kama 14.7. Ndani ya tairi kuna 24.7. Tairi likitoka nyuzi 25 hadi 75 za Selsiasi, hewa ile ile inafika karibu 28.8, na geji itasoma takriban 14. Umeongeza psi 4 bila kushika pampu. Ndiyo sababu kwa mizunguko michache ya kutafuta nafasi fundi huanza na upepo mwingi ili tairi liwahi kuwa tayari, na kwa mbio ndefu huanza na mdogo. Gokati ikiingia tu, pima joto la mpira sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo, upepo umezidi.

Nakala za vipimo vya mshindi huzunguka sana viwanjani, na naziona zina faida ndogo. Mshindi ana uzito wake, fremu yenye umri wake, na namna yake ya kukata usukani. Kinachosaidia ni daftari: joto la lami, upepo wa kuanzia na wa kumalizia, muda wa kila mzunguko, na badiliko moja tu kila mara dereva anapotoka. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi limekusaidia.

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho wautazame huu wa kutengeneza gokati. Injini ya pampu ya maji inatosha, mradi uchomeleaji na breki vikaguliwe na mtu anayejua. Kwa chombo kimoja mwanafunzi atashika jometria, nguvu za chuma, gesi na msuguano, na atayapima yote kwa geji, mizani na saa.