Jiko Gani Litufaalo Nyumbani?

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Mpenzi msomaji, katika makala haya nataka kukuonyesha kwamba hata jiko moja halitoshi nyumba nzima.

Watu wa mbali hudhani Oldonyiro ni jua tu. Waje Julai alfajiri! Mwaka jana usiku mmoja baridi ilizidi, nami nikamhurumia nyanya, ambaye hulala na ndugu yangu mdogo. Nikachukua jiko la makaa lililokuwa limeiva vizuri, bila moshi, nikaliweka chumbani mwao. Tukafunga mlango na dirisha ili joto lisitoroke.

Usiku wa manane nikasikia mtoto analia. Kufungua mlango, nyanya ameshika kichwa, hawezi kusimama, na mtoto anatapika. Tukawatoa nje mbio. Kwa rehema za Mungu, hewa safi ikawarudishia nguvu. Lakini aliyeliingiza lile jiko ni mimi, na jambo hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Kumbe makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, na akiwa usingizini huenda asiamke tena. Kwa hivyo usidanganyike kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza: ni jiko gani litufaalo kwa maji moto na joto la nyumba? Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi zina boila, chombo kinachopasha maji moto na kuyapeleka bafuni na kwenye mabomba ya kupasha vyumba joto. Anayenunua boila hujiuliza kwanza: tuko watu wangapi, twahitaji maji kiasi gani, na tutatumia nishati gani? Nami nikajiuliza maswali yayo hayo.

Wacha tupige hesabu kidogo, kwani kidato cha tatu tunasoma habari za joto katika fizikia. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 45, yaani maji ya kuoga, kunahitaji kilojuli 2,100 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilojuli 16,000. Lakini katika mafiga matatu, joto jingi hupeperuka na upepo. Tuseme sehemu moja tu kwa kumi ndiyo inayoingia majini. Basi mtungi mmoja utakula kuni kilo 1.3.

Je, jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoenea nchini tangu miaka ya 1980? Hilo hutunza joto vizuri. Kilo moja ya makaa ina kama kilojuli 30,000, na robo yake ikiingia majini, gramu 280 zitatosha. Utasema tumepata dawa. Ngoja kwanza! Kuchoma kilo moja ya makaa kwa tanuri la kufukia mchangani huhitaji kuni kilo sita au zaidi. Zidisha, utapata kuni kilo 1.7. Ndani ya nyumba tumeokoa, lakini huko porini mgunga umekatwa zaidi. Na mgunga ndio kivuli na chakula cha mbuzi wetu.

Gesi ya mtungi ni safi na ya haraka, lakini yataka pesa za kujaza na usafiri. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni. Ukiisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala taa. Fungua milango, funga mtungi, toka nje.

Limebaki jua, na hili hatulinunui. Nilichukua mitungi miwili ya lita 10, mmoja wa manjano na mwingine nikaupaka masizi. Nikaianika saa nne asubuhi, nikaifunika kwa karatasi ya plastiki safi. Saa tisa nikatia mkono. Ule mweusi ulikuwa na maji moto kuliko mwenzake, kwa sababu rangi nyeusi hufyonza joto la jua. Maji hayo yanafaa kuoga na kuosha vyombo, ila ya kunywa ni lazima yachemshwe.

Basi kwetu tumegawa kazi hivi. Maji ya kuoga tumeliachia jua, nasi tunaoga jioni kabla hayajapoa. Chai na ugali twapikia jiko la kuni la Upesi, ambalo zamani liliitwa jiko la Maendeleo. Ni la udongo uliochomwa, hujengewa kwa matope na mawe, nalo hula kuni chache kuliko mafiga. Jiko la makaa halivuki kizingiti cha chumba cha kulala.

Na baridi ya usiku? Maji hushika joto kwa muda mrefu. Twajaza mtungi wa lita tano maji yenye moto wa kiasi, twaufunga barabara, twauzungushia leso na kuuweka miguuni pa nyanya. Yeye husema, "Mjukuu wangu, leo umeniletea moto usiouma."

Wanafunzi wenzangu, kabla ya kuuliza jiko la bei gani, ulizeni kwanza ni la kazi gani. Na usiku wa leo, kabla hamjalala, tazameni kama kuna jiko la makaa ndani ya chumba. Litoeni!