Maji Yaliyoondoka, Maji Yaliyokuja

Chura wa Kihansi aliishi mahali pamoja tu duniani: hekta chache za korongo chini ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Maji yakijipiga kwenye miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, majani yasikauke. Chura mzima, mwenye rangi ya dhahabu, hukaa juu ya kidole gumba. Jike hatagi mayai. Huzaa vitoto vilivyokamilika, vya milimita 5 hivi, vidogo kuliko punje ya mchele.

Wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji. Waliobaki wakaanza kuongezeka, kisha 2003 wakaporomoka ghafla. Baadhi ya waliokufa walikutwa na ukungu unaoshambulia ngozi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Uzao wa wale 499 ulianza kurudishwa korongoni 2012.

Sasa twende Crau, kusini mwa Ufaransa. Ni uwanda wa mawe, upepo na nyasi fupi zilizotafunwa na kondoo, na ndiko pekee aliko panzi wa Crau. Mabawa yake ni vijipande visivyoweza kumrusha. Ukimkaribia hakimbii, hutulia tuli, rangi yake ya kijivu ikapotea katikati ya mawe. Shamba moja likikatiza uwanda, hana njia ya kwenda ng'ambo.

Mashamba ya huko yaliletwa na maji. Tangu karne ya 16 mifereji imevuta maji kutoka Mto Durance, na uwanda mkavu ukageuka mashamba ya majani ya mifugo, baadaye bustani za matunda. Msiba wa chura ulianza na maji yaliyoondolewa. Msiba wa panzi ulianza na maji yaliyoletwa.

Ndiyo maana siridhiki na wito wa kutunza mazingira usiotaja ni ya nani. Kupanda miti Crau ni kumzika panzi akiwa hai. Hata kondoo wanataka kipimo: wakizidi, humnyima chakula, na yangeyange wanaowafuata humdonoa; kondoo wakiondoka, nyasi hurefuka na kufunika mawe. Chura anategemea mabomba yasizimwe. Panzi anategemea mchungaji asiiache kazi yake.