Fremu ya jua kali yaongeza mbao kutoka gogo lile lile

WAKULIMA wengi wa Embu, Kirinyaga na Meru wana miti ya grevillea kwenye mipaka ya mashamba. Thamani yake ilionekana zaidi Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha uvunaji katika misitu ya umma na wanunuzi wakageukia miti ya mashambani.

Hata hivyo, sehemu ya faida hupotea wakati wa kupasua. Msumeno wa mnyororo ukiongozwa kwa mikono pekee hutoa mbao zenye mawimbi, na hasara humwangukia mwenye gogo.

Hesabu ni rahisi. Mnyororo hula takriban milimita 8 kila unapopita. Gogo lililochongwa likabaki na unene wa milimita 300 linaweza kutoa mbao 9 za milimita 25, yaani inchi 1. Mpasuaji akilazimika kukata milimita 35 ili mawimbi yaondolewe kwa randa, zitapatikana 7 tu.

Dawa yake ni fremu inayobana bamba la msumeno na kulishikilia kwa kimo kile kile. Fundi wa jua kali anaweza kuichomelea kwa vyuma vya mraba, kisha ikafungwa kwa boliti. Kwa kuwa gogo ni la mviringo, mkato wa kwanza huongozwa na ubao mnyoofu au ngazi iliyofungwa imara juu yake.

Yapo marekebisho mengine ya gharama ndogo. Meno ya kukatia miti hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Kwa kupasua mbao, digrii 10 hutoa uso laini zaidi. Chupa ndogo inayodondosha oili karibu na ncha ya bamba hupunguza joto kwenye magogo mapana. Kabari zikipigwa nyuma ya msumeno, mbao haibani bamba.

Tahadhari ni muhimu. Mtetemo hulegeza boliti, hivyo zikazwe kabla ya kila mkato. Mpasuaji avae kinga ya macho na masikio, na asimame mahali ambapo upepo unaondoa moshi.

Mkulima mwenye miti michache hana haja ya kununua msumeno. Majirani wanaweza kuchangia fremu moja na kumkodi mpasuaji. Kabla ya kuchanga, wagawanye bei ya fremu kwa thamani ya mbao mbili zinazookolewa: watajua ni magogo mangapi yatakayorudisha fedha zao.