Nyangwe: pombe ya ngazi na historia katika safari moja

Ndugu wanaushirika, kuna mahali ambako mgeni analipa ili aone mambo mawili kwa safari moja: kinywaji cha wenyeji na alama za wazee wa kale. Kule Tanzania, watu wa Dodoma wanalima zabibu za divai na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ukishika barabara ya kaskazini unafika Kondoa, penye michoro ya kale kwenye miamba, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Na sisi wa Maniema? Zabibu hatuna. Lakini ngazi tunazo, na historia tunayo.

Njia yenyewe

Anza Kabambare. Hapo Livingstone alilala miezi mingi mwaka 1870, miguu imejaa vidonda. Halafu shika njia ya Kasongo, makao makuu ya Tippu Tip, mji ulioshikwa na askari wa Dhanis mwezi wa nne 1893. Karibu yake kuna Tongoni. Jina linajieleza: tongo ni kijiji kilichohamwa. Miaka ya karibuni wanaakiolojia wamechimba kule.

Mwisho ni Nyangwe, kando ya Lualaba. Stanley alipofika mwaka 1876 aliandika vitu vya soko lake: mihogo, karanga, samaki, chumvi, mafuta ya ngazi, na pombe ya ngazi pia. Basi ile pombe unayouza leo ina umri mrefu kwenye soko hilo.

Lakini soko hilo lina kilio. Tarehe 15/7/1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko. Wamama walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mgeni asikie habari hiyo kwanza, kutoka kwa mzee wa kijiji. Kikombe kije nyuma.

Mti usikatwe

Hapa ndipo kwenye shida. Wengi wetu tunaangusha ngazi ili tupate pombe. Mti ulioangushwa unatoa maji yake majuma machache, basi, umekwisha. Mti uliosimama unaweza kuzaa zaidi ya miaka 20: mafuta ya kupikia, sabuni, ada ya shule ya watoto. Kugema juu, kwenye shina la ua, kunataka kamba nzuri na mtu hodari, lakini mti unabaki. Na mgeni atapenda zaidi kuona mgema akipanda kuliko kuona gogo chini.

Mambo ya kushika:

– Osha kibuyu au bidoni kwa maji ya moto kila siku, funika kwa kitambaa safi, nzi wasiingie.
– Maji ya ngazi yanaanza kuchacha yenyewe baada ya saa chache. Asubuhi ni matamu, jioni ni makali, kesho yake yanaelekea kuwa siki. Mwambie mgeni ni ya saa ngapi.
– Siki usiimwage. Inauzwa kwa kuhifadhi pilipili.
– Usimpe mgeni pombe kali ya kupikwa. Ikipikwa vibaya inaweza kuharibu macho, hata kuua.
– Dereva wa moto asinywe.

Pesa ya nani?

Kabla mgeni wa kwanza hajafika, andikeni kwenye daftari: mgema anapata ngapi, mzee msimulizi ngapi, mama aliyepika ngapi, sanduku la ushirika ngapi. Mkingoja pesa ifike ndipo mgawane, mtagombana. Na kabla ya kumwita mtu, ulizeni shefu na wakuu wa teritwari kama barabara na usalama vinaruhusu. Kama haviruhusu, ngojeni.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni watasifu. Sisi tusitie maji, wala kwenye kibuyu, wala kwenye historia.

Kwenye mkutano wenu ujao, hesabuni ngazi zilizosimama na zile zilizoangushwa mwaka huu. Anzeni na hesabu hiyo.