Jaji Mkuu na Mahakama za Kando ya Ziwa

Jaji Mkuu wa Tanzania ni kiongozi wa Mahakama ya Rufani na papo hapo ni Mkuu wa Mahakama. Ibara ya 118 ya Katiba ya mwaka 1977 inamkabidhi kazi hizo mbili, na mara nyingi huchanganywa.

Katika kazi ya kwanza, ya kuamua kesi, cheo hakimwongezei kura. Rufani husikilizwa na majaji wasiopungua watatu na wengi ndio huamua. Jaji Mkuu akibaki peke yake upande mmoja, ameshindwa. Wala hakimu wa Sengerema au Ukerewe, kando ya Ziwa Viktoria, hapokei kwake maelekezo ya nani ashinde, kwa kuwa ibara ya 107B inataka kila mahakama iwe huru. Uhuru huo ulizaa matunda Mwanza mnamo Februari 1990. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mila ikamkatalia. Mahakama ya mwanzo ilibatilisha mauzo, ya wilaya ikayakubali, kisha Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Hukumu hiyo, mojawapo ya kubwa kabisa nchini, haikuhitaji ruhusa ya Jaji Mkuu wa wakati huo, Francis Nyalali.

Kazi ya pili ndiyo inayomgusa mwananchi kila siku. Jaji Mkuu huongoza Tume ya Utumishi wa Mahakama, huwapangia majaji vituo, hutunga kanuni za uendeshaji wa mashauri na huwapokea mawakili wapya. Fedha na majengo, tangu sheria ya mwaka 2011, viko chini ya Mtendaji Mkuu wa Mahakama. Kwa mtu wa Ukerewe, anayevuka maji kufika Mwanza, umbali wa mahakama ni sehemu ya haki yenyewe; ndiyo maana mahakama inayotembea, iliyoanza mwaka 2019 Dar es Salaam na Mwanza, ina uzito kuliko sherehe nyingi za Siku ya Sheria.

Lipo pia jukumu lisilojulikana sana: Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kazi kwa maradhi, Jaji Mkuu ndiye huteua bodi ya madaktari kumchunguza.

Yeye mwenyewe huteuliwa na Rais, na umri wa kustaafu ni miaka 65, ingawa Rais anaweza kumwongezea muda. Hapo ndipo penye udhaifu, maana Serikali ni mdaawa wa mara kwa mara mahakamani. Profesa Ibrahim Hamis Juma aliendelea kupita umri huo hadi mwaka 2025, George Masaju alipoapishwa kumrithi.